Mahema ya Mabaka na Vita vya Mto Umba

Miongoni mwa vitu vya vita ambavyo wakusanyaji hununua kwa bei ya juu, kimo kipande cha turubai chenye pembe tatu, kilichochapwa mabaka ya kijani na kahawia, ambacho askari wa Kijerumani alikitumia kama hema usiku na kama koti la mvua mchana. Anayekiuza hupenda kukisindikiza na hadithi, kwa kuwa kitambaa chenye hadithi huuzika haraka. Pwani ya kusini ya Kenya hadithi iliyo karibu kushikika ni ya Vita Kuu ya Kwanza, maana Wajerumani walipigana papa hapa, kwenye mpaka ulio jirani na Jego na Vanga. Hadithi hiyo haiwezi kuwa kweli. Ili kuelewa kwa nini, inatubidi tuifuate rangi ya nguo ya vita hatua kwa hatua, tangu siku mpaka huo ulipochorwa.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana bara, na mstari wao ulianzia mdomo wa mto Umba, ukapita Ziwa Jipe na kuzunguka Kilimanjaro hadi Ziwa Viktoria. Mwaka 1893 mwanzo wa mstari ulisogezwa kusini kidogo, hadi Ras Jimbo, na Vanga ikathibitika kuwa upande wa Waingereza. Wadigo, Wavumba na Wasegeju waliokuwa wakilima, kuvua na kuoana kando ya Umba walijikuta wamegawanywa kati ya serikali mbili bila kuhama. Upande wa Wajerumani, Jasin, palianzishwa shamba kubwa la mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alikuwa amelileta kwenye koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki mwaka 1893. Tulikumbuke shamba hilo, kwa sababu mkonge utakuja kufanya kazi ambayo hakuna kitambaa kilichoifanya.

Wakati mpaka unachorwa, majeshi ya dunia yalikuwa yanabadilisha nguo, na sababu ilikuwa baruti. Baruti ya zamani ilitoa moshi mzito. Baada ya milio michache uwanja ulijaa ukungu, na jemadari alihitaji kuwatambua watu wake kwa nguo nyekundu au za buluu. Mwaka 1886 Ufaransa ilianza kutumia baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa na Paul Vieille, na mataifa mengine yakafuata. Kuanzia hapo aliyefyatua risasi hakujitangaza tena kwa moshi, kwa hiyo nguo yenye rangi kali ikawa hatari kwa anayeivaa. Waingereza walikuwa wamekwisha kujaribu kaki nchini India tangu katikati ya karne, na vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 vikaimaliza hoja. Wajerumani waliwavisha kaki askari wao wa Afrika, na kule kwao wakahamia kijivu cha uwandani miaka michache kabla ya 1914.

Hema nalo lilikuwa na historia yake. Mwaka 1892 jeshi la Ujerumani lilianza kumpa kila askari kipande chake cha turubai, ambacho aliweza kukifunga pamoja na vya wenzake wakapata pa kulala. Kilikuwa cha mraba, na kilikuwa cha rangi moja. Hapana baka hata moja. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika: hema la Kijerumani lililokuwapo duniani Agosti 1914, vita vilipoanza, lilikuwa kitambaa kitupu kisicho na chapa.

Kwenye koloni lenyewe hali ilikuwa ya ajabu zaidi. Kikosi cha Schutztruppe kilichoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck kilikuwa na kombania 14, na nyingi kati yake zilikuwa bado zinabeba bunduki za mtindo wa 1871, zinazotumia baruti ya moshi. Askari alivaa kaki iliyofanana na nyasi kavu, na kofia yake ya tarbushi ilifunikwa kitambaa cha kaki. Kisha akafyatua, na wingu jeupe likapanda juu ya kichwa chake. Nguo ilimficha na bunduki ikamsengenya. Wanaoeleza vita hivi kwa kusifu ujuzi wa askari wa Kijerumani wa kujificha porini mara nyingi huliruka jambo hili, na mimi naona ndilo linaloeleza mengi kuhusu mwaka wa kwanza wa vita.

Mbinu ya kujificha iliyofanikiwa zaidi mwaka huo ilikuwa ya meli. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajichimbia kwenye delta ya Rufiji, milingoti yake ikavikwa matawi ya miti. Ilichukua miezi na msaada wa ndege kuimaliza, Julai 1915. Wajerumani waliziopoa bunduki zake kubwa na kuzikokota bara. Mojawapo iko Mombasa hadi leo, nje ya Fort Jesus, pamoja na bunduki ya Pegasus.

Kwenye pwani yetu mapigano yalianza mapema. Oktoba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaishambulia Gazi, wakarudishwa na askari wa King's African Rifles na wanajeshi kutoka India. Mwezi uliofuata jeshi kubwa la Waingereza na Wahindi lilishuka Tanga na kushindwa vibaya, likaacha mamia ya bunduki za kisasa, bunduki za rashasha na risasi 600,000. Kwa Lettow-Vorbeck hilo lilikuwa duka la bure. Aliweza kuzipa baadhi ya kombania zake silaha zisizotoa moshi.

Desemba Waingereza, chini ya Brigedia Michael Tighe, walirudi bonde la Umba, wakaishika tena Vanga, kisha wakaweka kikosi kidogo Jasin, ng'ambo ya mpaka. Lettow-Vorbeck aliona hatua hiyo kuwa mwanzo wa safari mpya ya kwenda Tanga, akakusanya kombania tisa. Tarehe 18 Januari 1915 alishambulia. Watetezi wa Jasin walikuwa wamejizatiti kwenye jengo imara katikati ya shamba la mkonge, nao washambuliaji walilazimika kupita kati ya mistari ya mimea yenye majani kama panga. Mkonge uliwaficha, lakini uliwachelewesha na kuwachana. Na aliyesimama aone mbele alipigwa. Kikosi cha kuwaokoa kutoka upande wa Umba kilizuiwa. Kanali Raghbir Singh, aliyewaongoza Wakashmiri waliokuwa miongoni mwa watetezi, aliuawa, na asubuhi ya tarehe 19 watetezi, wakiwa wameishiwa risasi na maji, walisalimu amri.

Wajerumani walishinda, lakini hesabu iliwatisha. Walitumia risasi zipatazo 200,000, wakapoteza maofisa wa kazi ambao hapakuwa na njia ya kuwabadilisha, miongoni mwao Kapteni Alexander von Hammerstein. Lettow-Vorbeck mwenyewe alipigwa risasi mkononi, na nyingine ikatoboa kofia yake. Alihitimisha kwamba ushindi wa namna hiyo angeweza kuumudu mara chache tu, na tangu hapo akayaepuka mapigano ya ana kwa ana kila alipoweza. Waingereza nao, mwezi Februari, waliliacha bonde la Umba. Pande zote mbili ziliondoka Jasin zikiwa zimejifunza somo moja, yaani kuonekana ni gharama.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha makundi madogo. Doria za Kijerumani zilipenya kwenda kulipua reli ya Uganda, na Waingereza wakaweka vituo vya kuulinda mpaka. Kituo kimoja kilikuwa Mwele, huku Kwale, ambako Meja Arthur Wavell aliongoza kikosi cha Waarabu wa pwani. Huyu ndiye Wavell aliyewahi kuingia Makka kwa kujifanya hujaji. Januari 1916 aliuawa kwenye shambulio la kuvizia. Katika vita vya namna hii aliyeonwa wa pili ndiye aliyebaki hai, na rangi ya nguo ikawa na uzito ambao haikuwa nao Jasin.

Kabla ya hapo, katikati ya Aprili 1915, meli ya Kijerumani Rubens, ikijifanya ni ya Denmaki, ilijaribu kuvunja kizuizi cha manowari za Waingereza. Mojawapo ya manowari hizo, Hyacinth, iliikuta karibu na ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaipiga ikateketea kwenye maji ya kina kifupi. Waingereza walidhani imekwisha. Wajerumani walipiga mbizi na kuopoa bunduki za kisasa na mamilioni ya risasi zilizolowa, wakazifungua moja moja, wakaikausha baruti, wakazijaza upya. Ukiniuliza ni nini kilichomficha zaidi askari wa Kijerumani katika vita hivi, nitajibu kwamba ni bunduki za Rubens, kwa kuwa ndizo zilizoliondoa lile wingu jeupe juu ya kichwa chake.

Kitambaa kilikuwa shida nyingine. Bahari ilikuwa imefungwa, na kaki iliyokuwapo kabla ya vita ilichakaa porini kwa miiba na jasho. Koloni lililokuwa likisafirisha pamba nje halikuwa na kiwanda cha kuifuma. Kwa hiyo kazi ilirudishwa mikononi: wanawake walisokota nyuzi, na vitanda vya mfumi vikaundwa kwenye misheni, kwenye mashamba ya walowezi na vijijini. Nguo iliyotoka ilikuwa nyeupe ya pamba, na nguo nyeupe porini ni shabaha. Ikabidi watafute rangi.

Lettow-Vorbeck ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba rangi iliyofaa kuliko zote ilitoka kwenye mizizi ya mti alioutaja kwa jina la ndaa. Ilitoa njano iliyoelekea kahawia, isiyoonekana kwenye nyasi wala vichakani. Msomaji wa pwani hatahitaji kuelezwa sana, kwa kuwa mdaa ni mti wa siku nyingi kwa wasuka mikeka: mizizi yake huchemshwa pamoja na ukindu ili mkeka upate mistari ya rangi nzito. Hapa pana maelezo mawili ya kupimwa. Waandishi wa Kijerumani waliokuja baadaye walipenda kusifu uhodari wa wataalamu wao, hasa wale wa taasisi ya utafiti ya Amani, Usambara, ambayo kweli ilitengeneza dawa ya malaria, sabuni na mengine mengi wakati wa vita. Maelezo ya pili ni kwamba rangi hiyo ilikuwa maarifa ya wenyeji, na maofisa waliipokea ikiwa tayari. Nadhani ya pili yana nguvu zaidi, maana jina alilolitumia Lettow-Vorbeck mwenyewe ni la Kiswahili, na mti usio na jina la maabara haukutoka maabara. Hata hivyo kuipaka rangi nguo ya maelfu ya askari kulihitaji mpango mkubwa kuliko sufuria ya msuka mkeka, na katika upande huo jeshi lina haki ya kudai sifa.

Kwa habari ya mahema, vita vya Afrika Mashariki havikuyategemea sana. Kambi ilipofikiwa, majani yalikatwa na vibanda vikajengwa kwa muda mfupi. Kibanda cha majani ya mahali pale pale kilifanana na mahali pale, na asubuhi kiliachwa bila mtu wa kukibeba. Kwa jeshi ambalo kila mzigo ulipanda kichwani mwa mpagazi, faida hiyo ilikuwa kubwa.

Ujerumani haikuacha kujaribu kuleta nguo. Tarehe 21 Novemba 1917 ndege kubwa ya gesi, L59, chini ya Ludwig Bockholt, iliruka kutoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na tani 15 hivi za mahitaji. Ilikuwa safari ya kwenda tu. Ndege yenyewe ilikusudiwa kuchanwa ikifika: ngozi yake ya nje ishonwe mahema, kitambaa cha ndani kiwe mavazi, mifuko ya gesi igeuzwe ya kulalia. Ilipokuwa magharibi ya Khartoum iliamriwa kurudi, ikawa imekaa hewani saa 95. Baadaye afisa wa ujasusi wa Uingereza Richard Meinertzhagen alidai kwamba amri ile ilikuwa ya uongo na ilitumwa na Waingereza. Inavutia, lakini maelezo ya kawaida yanatosha: uwanda wa Makonde uliokusudiwa kutuliwa ulikuwa unatoka mikononi mwa Wajerumani, na wakubwa wa Bockholt walijua. Meinertzhagen, kwa upande wake, ni shahidi aliyethibitika mara nyingi kutia chumvi.

Tarehe 25 Novemba, siku L59 iliporudi Jamboli, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuiteka ngome ya Wareno huko Ngomano. Kutoka hapo askari wake walivaa na kubeba kilichotekwa, cha Mreno au cha Mwingereza. Waliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, sare yao ilikuwa mchanganyiko ambao hakuna mkusanyaji angeutambua kwa chapa.

Basi mabaka yalitoka wapi? Yalitoka Ulaya, kwenye vita vya mahandaki, ambako adui mpya alikuwa jicho la angani. Tangu 1915 Wafaransa walikuwa na kitengo cha wachoraji wa kuficha mizinga. Mwaka 1918 Wajerumani waliagiza kofia za chuma zipakwe vipande vya rangi tofauti. Wakati huo huo ndege zao zilikuwa zikifunikwa kwa kitambaa kilichochapwa kiwandani vipande vya pembe nyingi. Wanahistoria wengine huona kofia kuwa mzazi wa mabaka ya baadaye, wengine kitambaa cha ndege. Kwa sura, kofia ina hoja. Kwa utengenezaji ushahidi unaegemea ndege, kwa sababu rangi ya kofia ilipakwa kwa brashi, kofia moja moja, ilhali kitambaa cha ndege kilionyesha kwamba kiwanda cha nguo kinaweza kuchapa mabaka kwa maelfu ya mita.

Italia ilitangulia mwaka 1929 kutoa turubai la askari lenye mabaka. Ujerumani ikafuata mwaka 1931, kwa kile kipande cha pembe tatu. Pande zake mbili ni za takriban mita mbili, na kitako mita mbili na nusu. Vinne vikiunganishwa kwa vifungo vya metali hupatikana hema la watu wanne. Katikati pana mpasuo wa kupitishia kichwa. Kimechapwa pande zote, upande mmoja wa rangi nzito na mwingine hafifu. Mabaka yake ni ya pembe kali, kama vigae vya chungu kilichovunjika, ya kijani na kahawia juu ya rangi ya udongo mkavu, na juu yake pamepita vistari vyembamba vya kijani vinavyokwenda upande mmoja kama mvua. Vistari hivyo ndivyo vya kutazamwa kwanza, kwa kuwa mwigaji asiye makini huvikosea.

Kwa nini hema na si shati? Yapo waliosema ni gharama. Lakini jeshi lile halikuwa bahili wa nguo, na naona desturi ilikuwa na nguvu zaidi: sare ilikuwa heshima ya jeshi na maofisa hawakutaka kuitia madoa, ilhali turubai lilikuwa chombo tu, hakuna aliyelipigia saluti.

Kikosi cha Wanazi kilichokuja kuitwa Waffen-SS kilichukua njia yake. Kuanzia 1938 kilitumia mabaka yaliyobuniwa na Johann Georg Otto Schick, ya mviringo na madoadoa, upande mmoja wa kijani cha majira ya mimea na mwingine wa kahawia ya majani makavu. Mengi huitwa majina ya miti, kama mwaloni au mtende. Mnunuzi asiyachukulie majina hayo kuwa ya vita, kwani mengi yalibuniwa na wakusanyaji baada ya 1945. Kwenye baadhi ya maturubai ya kundi hili zilichapwa pia namba, ili askari wajue vipande vipi mabaka yake yanaendana. Kadiri vita vilivyoendelea malighafi ilipungua, na vifungo vya aluminiamu vikabadilishwa kwa vya zinki au chuma. Kwa hiyo kifungo nacho husaidia kukisia mwaka.

Baada ya vita mabaka ya pembe kali hayakufa. Jeshi jipya la Ujerumani Magharibi liliyarudia katika miaka ya 1950, na Bulgaria iliyatumia kwa miaka mingi. Sehemu ya yanayouzwa leo kama ya Hitler ni ya zama hizo. Uzito wa pamba, ufumaji uliobana, muhuri wa kiwanda na namna rangi ilivyofifia, mambo haya hupimwa pamoja. Moja peke yake halitoshi. (Na mwenye kukipata asikivae mjini: Kenya na Tanzania sheria inamkataza raia kuvaa sare za kijeshi, na polisi hatasubiri somo la historia.)

Mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani wa Schutztruppe waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee zaidi ya 300 walikusanyika Mwanza, wachache wakiwa na vyeti, wengine wakiwa na vipande vya sare iliyochakaa, na wengi wakiwa hawana kitu. Aliyekuja kulipa alimpa kila mmoja fagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na wote wakafaulu. Kisa ni kitamu mno, nami nakipokea kwa tahadhari. Lakini vipande vile vya sare, kama vilikuwa vya kweli, vilikuwa vya kaki tupu au vya ile njano ya mdaa.